Mtumba wa Mallorca

Kwetu Mowlem mtumba si matusi. Lakini 2020, Kenya iliponunua treni 11 ndogo za dizeli zilizotumika kisiwani Mallorca, Uhispania, watu walicheka: hata treni, jameni?

Zilitengenezwa miaka ya 1990. Injini ziko chini ya sakafu na dereva ana chumba kila upande, kwa hivyo treni ikifika mwisho haigeuzwi. Mallorca ilipoweka umeme kwenye reli zake, zikakosa kazi.

Mbona zikatutosha? Kama nguo ya Gikomba, kwanza ni saizi. Waingereza walipoanza kujenga reli kutoka Mombasa 1896, walichukua kipimo kilichotumika sana India: mita moja kati ya chuma na chuma. Mallorca nayo ikahamia kipimo hicho 1981. SGR ya 2017 ina milimita 1,435, ndiyo maana abiria wake hushuka Syokimau na kupanda treni nyingine kuja tao.

Kwa hivyo tukilaumu umri wa treni pekee, tumeacha nusu ya hadithi. Waliochagua ile mita walikufa zamani, lakini bado inaamua ni treni ya nani tunaweza kununua.