Tezi dundumio
Tezi dundumio, iitwayo pia tezi thiroidi, ni tezi isiyo na mrija, iliyo mbele ya shingo chini kidogo ya kongomeo, ambayo hutengeneza homoni, yaani kemikali za kuongoza kazi za viungo vingine, na kuzimimina moja kwa moja katika damu. Homoni zake kuu ni thairoksini, yenye atomu 4 za iodini, na triiodothaironini, yenye atomu 3. Zote mbili hudhibiti kasi ya umetaboli, yaani mabadiliko ya kikemia yanayoupatia mwili nishati na joto, na ni za lazima kwa ukuaji wa ubongo na mifupa ya mtoto.

Tezi hii husimamiwa na tezi pituitari iliyo chini ya ubongo: thairoksini inapopungua katika damu, pituitari hutoa homoni ya kuichochea dundumio, na inapozidi, uchocheaji huo hupunguzwa. Upungufu huleta uchovu, kuhisi baridi na kuongezeka uzito, ilhali kuzidi huleta mapigo ya moyo ya kasi, jasho na kukonda.

Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 150 za iodini kwa siku. Chakula kikiikosa, uchocheaji huendelea bila homoni ya kutosha kupatikana, tezi hutanuka, na uvimbe uitwao rovu hutokea shingoni. Maradhi hayo, yaliyowahi kuenea katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, hukingwa kwa chumvi iliyotiwa iodini; iodini hiyo nchini humo hujulikana kama madini joto.