Hongo ya Malagarasi

Neno hongo siku hizi linanuka. Ukilitamka ofisini, watu hugeuka kuangalia mlango. Lakini wazee wetu wa Unyamwezi walilijua kwa maana nyingine. Hongo ilikuwa ushuru wa njia: doti za merikani na shanga ambazo msafara ulimlipa mtemi ili upite katika nchi yake.

Mimi ni mtoto wa Tabora, nimekua nikisikia habari za njia ile: Bagamoyo hadi Tabora, Tabora hadi Ujiji. Kabla ya kufika Ujiji palikuwa na kizuizi ambacho hata tajiri wa pembe hakuweza kukidharau, nacho ni mto Malagarasi. Wavinza ndio waliokuwa na mitumbwi. Richard Burton alivuka mwaka 1858, akalipa. Henry Stanley alivuka mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Naye alibishana sana, mwishowe akalipa. Na bado mamba alimchukua punda wake mmoja.

Leo tunavuka bila hongo. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na magari yanapita juu ya Daraja la Kikwete. Abiria hata haamki usingizini. Je, tulipoacha kulipa, tulidhani mto nao umekwisha thamani?

Tumezoea kuhesabu maji yanayotolewa mtoni. Yakiingia shambani tunahesabu magunia. Yakizungusha mtambo tunahesabu megawati. Yanayobaki mtoni tunasema yanapotea bure. Hayapotei! Malagarasi na wenzake, Moyowosi na Ugalla, hufurika wakati wa mvua na kutandaza maji mabondeni. Samaki huingia humo kuzaliana. Kiangazi maji yakishuka, huacha majani mabichi wakati miombo yote imekauka. Samaki mkavu niliyekula utotoni alitoka huko. Nzohe wanaishi humo, na yule ndege mkubwa mwenye mdomo kama kiatu. Ndiyo maana mwaka 2000 eneo hilo, zaidi ya kilomita za mraba 32,000, liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar, la kwanza katika Tanzania.

Anayedhani natia chumvi autazame Ruaha Mkuu, kule kusini. Mto ule ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Kuanzia mwaka 1993 ukawa unakatika kila kiangazi ndani ya hifadhi, baada ya maji mengi kuchepushwa Usangu, hasa kwa mashamba ya mpunga. Viboko wakabaki wakisongamana kwenye madimbwi ya matope. Magunia ya mpunga tuliyahesabu. Hasara ya mto hatukuihesabu mpaka ulipokauka.

Sipingi umeme. Kigoma iliwasha taa kwa majenereta ya dizeli miaka mingi, na mwaka 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wa mtambo wa megawati 49.5 kwenye Malagarasi huo huo. Wala simlaumu mkulima. Naye ana watoto. Ninachosema ni kwamba Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilikwisha kupanga foleni: kwanza maji ya matumizi ya binadamu, pili maji ya mazingira, ndipo zifuate shughuli nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ikatia nguvu. Kwa hiyo maji ya kubaki mtoni si sadaka tunayotoa tukishashiba. Ni deni.

Hiyo ndiyo hongo ninayoidai. Mvinza hakuvusha mzigo kabla ya kulipwa, na wasafiri walimheshimu kwa sababu mtumbwi ulikuwa wake. Mto wenyewe hauna mtumbwi wa kutunyima, wala mdomo wa kubishana nasi. Basi kabla hatujafungua mfereji mwingine, tuulipe kwanza maji yake. Tusipoulipa hautatudai. Utakauka tu.