Mkono wa Mwalimu na Mstari wa Kompyuta: Historia ya Kurekodi Nyimbo Zetu



Waimbaji wenzetu, waamini wa parokia na wageni wote mliokuja kusherehekea nasi jubilei ya miaka 50, karibuni. Kurasa nyingine za kitabu hiki zinawaeleza waanzilishi, viongozi na safari za kwaya. Sisi wa kamati ya kurekodi tumepewa sehemu ndogo: kueleza jinsi nyimbo zetu zilivyotoka kanisani zikaingia kwenye kaseti, kwenye CD, na sasa kwenye simu zenu. Tumekubali kwa furaha, maana ndani ya historia hiyo mna ugomvi uliokaribia kutugawanya, na mna sauti ya mama mmoja tuliyodhani imetupotea.

Redio-kaseti juu ya benchi

Kwaya ilipoanza hatukuwa na chombo chochote cha kurekodi. Tulikuwa na ngoma, kayamba na mwalimu. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu liturujia, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, ilikuwa imeufungulia muziki wetu mlango wa kanisa, nasi tukaingia kwa nguvu zote. Kilichotufanya tupaze au tunong'one kilikuwa mkono wa mwalimu. Ulipopanda, tulipanda nao. Uliposhuka taratibu, hata besi walijua kupunguza.

Kaseti, ambayo kampuni ya Philips ya Uholanzi iliitoa mwaka huo huo wa 1963, ilitufikia baadaye. Kufikia miaka ya 1980 redio-kaseti zilikuwa zimeenea majumbani, na mwanakwaya mmoja akaleta yake. Iliwekwa juu ya benchi mbele ya altare, mtu akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, tukaimba. Hapakuwa na kurekebisha baadaye. Sauti iliyotakiwa isikike zaidi ilisogea mbele. Besi walirudishwa nyuma karibu na mlango, na mpiga ngoma aliambiwa akae nje ya mlango kabisa. Hatua za miguu ndizo zilizokuwa miksa yetu.

Katika kanda hizo yumo marehemu mama aliyekuwa akituanzishia nyimbo. Wazee mnamkumbuka. Kila alipofika ubeti wa tatu aliwageukia waamini ili waitikie, na alipogeuka, sauti yake iliikimbia maiki. Kwenye kanda anasikika vizuri beti mbili, kisha anakwenda mbali kama mtu anayeimba akiwa chumba cha pili.

Studio ya Nairobi na mikono isiyotosha

Baada ya harambee mbili tulisafiri Nairobi kurekodi albamu ya kwanza. Humo studioni tuliona kwa mara ya kwanza kila sauti ikipewa njia yake kwenye miksa: soprano, alto, tena, besi, kinanda, ngoma. Kila njia ilikuwa na kitelezi chake, ambacho mafundi hukiita feda. Ukikisukuma juu sauti inakua, ukikivuta chini inapungua.

Kazi ngumu ilikuja wakati wa kuchanganya. Wimbo haukai mahali pamoja. Ubeti wa pili unaongozwa na alto, kiitikio kinahitaji ngoma, mwisho unataka kinanda kinyamaze. Fundi alikuwa na mikono miwili tu. Akawaita mwalimu na wanakwaya wengine wawili, kila mmoja akapewa feda za kushika. Wimbo ulichezwa wakawa wanasukuma na kuvuta, na wote wakakosa kwa zamu. Mmoja alipokosea, walianza upya.

Ng'ambo shida hiyo ilikuwa imeshapata dawa. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Neve ya Uingereza ilitengeneza mtambo ulioitwa NECAM: ulikumbuka jinsi fundi alivyosogeza feda, kisha ukazisogeza wenyewe kwa mota ndogo wimbo ulipochezwa tena. Hiyo ndiyo otomesheni. Lakini mitambo ya namna hiyo ilikuwa ya studio kubwa, na pesa zetu zilikuwa za chapati na michango ya jumuiya.

Saa tulizolipia zikaisha. Katika wimbo wa mwisho aliyeshika feda ya alto aliisahau chini ubeti mzima. Hatukugundua mpaka kaseti zilipofika parokiani. Akina mama wa alto, ambao ndio waliouza chapati nyingi zaidi, walisikiliza wimbo wao wakajitafuta wasijipate. Hakuna aliyepiga kelele. Jumapili iliyofuata viti vinne vilikuwa vitupu, na vingine viwili Jumapili ya pili.

Mlio wa tik-tik

Safari ya pili tulikwenda studio yenye kompyuta. Dunia ilikuwa imebadilika: Pro Tools ilitoka Marekani mwaka 1991 ikiwa na njia nne tu, na FruityLoops ya Ubelgiji, ambayo leo inaitwa FL Studio, ilianza mwaka 1997. Kazi iliyohitaji chumba cha mitambo ikawa inaingia kwenye meza moja.

Hapo tulivalishwa hedfoni tukaambiwa tufuate mlio wa tik-tik usiobadilika. Wanakwaya wanajua kwamba mwisho wa fungu tunavuta pumzi na kulegeza mwendo kidogo, kisha tunaingia tena. Mlio ule haukutusubiri. Tulitoka na nyimbo zilizonyooka ambazo wazee hawakuzitambua. Vijana walisema ndio usasa. Mzee mmoja wa besi alisema, "Hii ni sauti yetu, lakini si kwaya yetu." Kikao kilichofuata baada ya Misa kilikuwa kikali. Wengine walitaka tuache kurekodi kabisa, wengine walitishia kuunda kikundi chao. Tunaandika haya wazi kwa sababu waliokuwepo wanayajua, na kwa sababu tulipatana.

Jioni ya ukumbi wa parokia

Upatanisho ulianzia kwa kijana wa tena aliyejifunza programu hizi mwenyewe. Mwalimu alimwomba atuonyeshe kinachofanyika ndani ya kompyuta. Alileta laptopu na spika ukumbini, akatandaza picha ukutani, na wazee wakakaa mstari wa mbele.

Tuliona kila sauti ikiwa kwenye safu yake, na juu ya kila safu mstari mwembamba. Ukiweka nukta kwenye mstari na nyingine mbele yake, unaweza kuuinua au kuushusha kati ya nukta hizo. Wimbo unapochezwa, feda inaufuata mstari. Alichukua wimbo uleule uliowaumiza alto, tulipokuwa tumeurudia, akauinua mstari wao kwa desibeli mbili kwenye ubeti wa pili, kisha akaushusha. Ukumbi ulisikia maneno. Akaufuta mstari, maneno yakazama, akaurudisha, yakaibuka. Hakuna noti iliyobadilishwa.

Alitueleza pia kwa nini mstari ulionyooka si mzuri kila mara. Sikio halipimi kama rula. Sauti inahitaji kuongezwa kama desibeli kumi ndipo wengi wetu tuisikie imekuwa kubwa maradufu. Kwa hiyo wimbo unapofifia mwishoni, mstari hupindwa kidogo ili usikike ukiondoka kwa upole, usikatike kama stima.

Si lazima kuchora kwa kipanya. Fundi anaweza kushika feda wimbo ukicheza, na programu ikaandika mwendo wa kidole chake. Kuna namna ambayo akiiachia, feda inarudi kwenye mstari wa awali. Na kuna nyingine ambayo inabaki pale alipoiacha. Asiyejua tofauti hiyo hushangaa kwa nini wimbo wote umezama baada ya yeye kugusa sehemu moja.

Kisha akaonyesha kilichowafurahisha wazee zaidi: hata mwendo wa wimbo una mstari wake. Alirekodi mkono wa mwalimu ukituongoza, akapima mapigo, akauchora mstari wa mwendo ulegee mwisho wa kila fungu na kurudi tunapoingia. Sasa tik-tik ndiyo iliyotufuata sisi.

Mzee wa besi aliinuka. "Lakini je, huu si uongo? Alto hawakuimba kwa nguvu hivyo." Mwalimu alifikiri kwanza, kisha akauliza, "Mzee, ninapoinua mkono nanyi mkapaza, huwa nadanganya?" Mzee akasema hapana, ila mkono wa mwalimu anauona, na mstari huo hauoni. Hilo lilikuwa neno la haki, na ndilo lililotupa kanuni tunayoifuata hadi leo: mistari ichorwe mbele ya mjumbe mmoja wa kila sauti, mstari unaweza kumwinua aliyeimba, usimwimbishe ambaye hakuimba, na sauti yoyote isizimwe bila wenyewe kujua. Akina mama wa alto walirudi, si wote kwa siku moja, lakini walirudi.

Sauti ya mama

Kwa jubilei hii tuliamua kuzifufua kanda za zamani. Tulizicheza polepole kwenye kinasa kizuri tukaziingiza kwenye kompyuta, na tukafika kwenye ubeti wa tatu wa mama yetu.

Mwanzoni tulifanya kosa la haraka: tuliuinua mstari kwa desibeli sita alipogeuka. Mama alirudi, lakini mvumo wa kanda ulipanda pamoja naye ukasikika kama mvua juu ya mabati. Katika kaseti, sauti na mvumo viko safu moja. Ukiinua kimoja umeinua vyote. Tukashusha hadi desibeli nne, tukaanza kupanda kabla ya pumzi yake badala ya kumrukia katikati ya neno. Kisha tukachora mstari wa pili, wa kupunguza sauti nyembamba za juu pale alipovuta pumzi na kuzifungulia alipoimba. Kazi ya ubeti mmoja ilituchukua jioni tatu.

Tulimwita bintiye, ambaye ni soprano wetu, asikilize kwanza. Alinyamaza mpaka mwisho, akaomba uchezwe tena. Kisha akasema, "Msimlete karibu sana. Alikuwa amewageukia watu." Tukaushusha mstari kidogo. Mtakapousikia wimbo huo baada ya Misa ya leo, mtamsikia mama akisogea mbali kidogo katika ubeti wa tatu. Tumeuacha hivyo kwa makusudi. Jogoo anayewika mwishoni naye tumemwacha.

Neno kwa watakaotufuata

Vijana, mmepata vyombo ambavyo sisi hatukuviota. Imbeni kupanda na kushuka wenyewe kwanza; mstari hausaidii kwaya inayopiga kelele mwanzo hadi mwisho. Rekodini kwa kiasi, sauti isigonge juu kabisa, kwa maana sauti iliyopasuka haishonwi kwa mstari. Choreni kidogo, kisha sikilizeni kwenye spika ya kanisa na kwenye simu ndogo pia. Na kanda ya asili msiiguse; fanyieni kazi nakala yake.

 Marehemu wetu wote Bwana awape pumziko la milele, na sisi tuliobaki atujalie miaka mingine ya kumwimbia.