Komandanti na Baraza: Utawala wa Kijeshi Mbarara na Nakivale

Historia ya kusini-magharibi mwa Uganda katika nusu ya pili ya karne ya 20 haieleweki vizuri mtu akiutazama mji wa Mbarara peke yake, wala akiyatazama makazi ya wakimbizi ya Nakivale kana kwamba hayakuguswa na siasa za nchi iliyoyazunguka. Mbarara, ulioko kilomita zipatazo 270 kutoka Kampala, ulikuwa makao ya utawala wa Ankole tangu enzi za Waingereza, na baada ya uhuru ukawa pia mji wa kambi kubwa ya jeshi. Nakivale iko kusini-mashariki mwa mji huo, kando ya ziwa lenye jina hilohilo na karibu na mpaka wa Tanzania, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Isingiro, iliyomegwa kutoka wilaya ya Mbarara mwaka 2005. Kwa zaidi ya miaka ishirini sehemu hizi mbili zilitawaliwa zaidi kwa amri kuliko kwa sheria za kawaida, na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1981 hadi 1986 ilidhihirika kwamba mwenye bunduki hakuamua tu nani akalie kiti cha wilaya, bali aliamua pia nani ahesabiwe mwenyeji na nani aitwe mgeni.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, huutaja mwaka 1958 kuwa mwanzo wa Nakivale, na kwa hiyo makazi haya ni miongoni mwa yale ya zamani kabisa barani Afrika. Wengi wa wakazi wake wa kwanza walikuwa Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda, hasa baada ya mapinduzi yaliyoanza Novemba 1959. Serikali ya kikoloni iliwapeleka katika nyanda za mashariki ya Ankole, ambako watu walikuwa wachache na mbung'o, yaani nzi anayeambukiza ng'ombe nagana na binadamu malale, alikuwa tishio kubwa kwa wafugaji. Mwaka 1960, miaka miwili kabla ya uhuru, ikatungwa sheria ya kuwadhibiti wakimbizi wa kigeni, na jina lake lenyewe lilitaja udhibiti wala halikutaja ulinzi. Sheria hiyo ilimpa mkurugenzi wa wakimbizi uwezo wa kuwaamuru watu wakae katika makazi maalumu, ikaruhusu mifugo waliyokuja nayo kuzuiwa au hata kuchinjwa, na ikamweka juu ya kila makazi ofisa aliyeitwa komandanti, cheo ambacho asili yake ni ya kijeshi ingawa mwenye kukishika aliweza kuwa raia. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka bila kibali. Hivyo, muda mrefu kabla askari hawajashika dola huko Kampala, pembe hii ya nchi ilikuwa tayari na kipande cha ardhi ambacho watu wake waliishi kwa ruhusa.

Ni lazima kueleza hapa kwamba wakimbizi wa Nakivale hawakuwa Wanyarwanda pekee wa Uganda. Walikuwapo wale wa Bufumbira, ambayo leo ni wilaya ya Kisoro, waliojikuta ndani ya Uganda kwa sababu ya mipaka iliyochorwa na wakoloni karibu na mwaka 1910, wala hawakuhama kwenda popote. Walikuwapo pia wale waliokuja tangu miaka ya 1920 kutafuta kazi katika mashamba ya pamba na kahawa ya Buganda na kuchunga ng'ombe Ankole, wakazaa na kuzeeka humo. Kisheria makundi haya matatu yalikuwa mbali sana, lakini lugha yao ilikuwa moja, na katika Ankole wafugaji wa Kitutsi waliishi karibu na kuoana na Wahima, yaani wafugaji wa Kinyankole, ambao nao walikuwa na mivutano ya muda mrefu na Wairu, wakulima waliokuwa wengi zaidi. Mtawala aliyetaka kuyachanganya makundi haya yote na kuyaita jina moja la kigeni hakukosa nafasi ya kufanya hivyo.

Kwa upande wa Mbarara, nguvu ya kambi ilionekana wazi baada ya Idi Amin kumpindua Rais Milton Obote tarehe 25 Januari 1971. Batalioni ya Simba, iliyokaa mjini hapo, iliwageuka na kuwaua askari wake wa Kiacholi na Kilangi, na Julai mwaka huohuo Wamarekani wawili, mwandishi wa habari Nicholas Stroh na mwanazuoni Robert Siedle, waliuawa mikononi mwa maofisa wa batalioni hiyo walipokuwa wakichunguza mauaji hayo. Septemba 1972 wapiganaji waliokuwa uhamishoni Tanzania walivuka mpaka na kuishambulia kambi ya Simba, Yoweri Museveni, rais wa baadaye, akiwa miongoni mwao, lakini walishindwa na kurudi nyuma kwa hasara kubwa. Kilichofuata kiliwaangukia raia. Nekemia Bananuka, ambaye alikuwa Katibu Mkuu wa Ankole, yaani mkuu wa utawala wa kiraia wa eneo zima, aliuawa pamoja na wanawe. Mauaji hayo yana uzito wa pekee katika historia ya mji, kwa sababu yalidhihirisha kwamba ofisi ya kiraia haikuwa tena na kinga yoyote mbele ya lango la kambi. Baadaye Amin aliigawa nchi katika majimbo yaliyowekewa magavana, wengi wao wakiwa wanajeshi, na Ankole ikaunganishwa na Kigezi katika Jimbo la Kusini.

Katika vita vya Tanzania dhidi ya Amin, majeshi ya Tanzania yaliutwaa Mbarara mwishoni mwa Februari 1979, wakati uleule mji wa Masaka ulipoanguka, na sehemu kubwa ya mji ikabomolewa, jambo lililotazamwa na wengi kuwa kisasi cha uharibifu ambao askari wa Amin waliufanya Kagera, upande wa Tanzania. Pamoja na Watanzania walikuja wapiganaji wa FRONASA, kundi la Museveni, ambalo likiwa njiani liliandikisha vijana wengi wa Ankole, wakiwamo Wanyarwanda. Kutoka Tanzania ulikuja pia mfumo wa nyumba kumi, ambao Waganda waliuita mayumba kumi, yaani kila kundi la nyumba kuwa na kiongozi wake wa karibu anayewajua wakazi na wageni wao. Mfumo huo ulikuwa na sura mbili tangu mwanzo: ulimpa mwananchi wa kawaida mtu wa kumpelekea shida zake, na wakati huohuo uliipa serikali jicho katika kila ua.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 1980, uliomrudisha Obote madarakani na ambao wapinzani walidai uliibwa, Museveni alianza vita vya msituni kwa kuishambulia kambi ya Kabamba tarehe 6 Februari 1981. Miongoni mwa waliokuwa naye siku hiyo walikuwapo Fred Rwigyema na Paul Kagame, vijana waliolelewa katika makazi ya wakimbizi ya magharibi mwa Uganda, wote wawili wakiwa wamepitia Nshungerezi, huko huko Ankole. Mapigano yenyewe yalikuwa mbali, katika pembetatu ya Luwero kaskazini mwa Kampala, lakini serikali ilitafuta adui Ankole pia, kwa kuwa Museveni alitoka huko na kwa kuwa ilikuwa rahisi kusema kwamba waasi ni Wanyarwanda. Huu ndio wakati ambao unastahili kutazamwa kwa makini kuliko wote, maana vita viliingia Mbarara kwa njia ya orodha, mikutano ya wilaya na makundi ya vijana, bila mstari wowote wa mbele wa mapigano.

Mwanzoni mwa Oktoba 1982 viongozi wa wilaya, vijana wa chama tawala cha UPC na kikosi maalumu cha polisi walianza kuwatoa Wanyarwanda majumbani mwao kusini mwa Ankole. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaporwa kwa maelfu, na mashamba yakagawiwa kwa waliofukuza. Waliofukuzwa hawakuwa wakimbizi peke yao: walikuwamo raia wa Uganda, wazee waliofika kabla ya uhuru, na hata baadhi ya Wahima ambao hawakuwa na asili ya Rwanda. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 40,000 walivuka kuingia Rwanda, na wengine wapatao 35,000 wakasukumwa ndani ya makazi ya wakimbizi, Nakivale ikiwa mojawapo. Novemba serikali ya Rwanda ilifunga mpaka, na maelfu ya watu wakanaswa Mirama Hills, kwenye ukanda mwembamba ambako nchi moja iliwakataa na nyingine iliwafukuza.

Matokeo ya kiutawala ya tukio hilo hayakupewa uzito unaostahili. Mtu aliyezaliwa Uganda, aliyelipa kodi Uganda na aliyepiga kura mwaka 1980, alijikuta akipata usalama kidogo tu alipokubali kuingia chini ya komandanti, yaani alipokubali kuwa mkimbizi katika nchi yake. Makazi yaliyowekwa chini ya sheria ya 1960 ili kuwatenga wageni yakageuka kuwa mahali pa kuhifadhia wenyeji waliovuliwa uenyeji, na sheria ya udhibiti ikafanya kazi kubwa kuliko ile iliyokusudiwa na walioitunga. Vijana wengi waliona kwamba kukaa na kutii hakukuwapa chochote, nao wakaenda Luwero. Jeshi la Upinzani la Taifa, NRA, yaani jeshi la waasi la Museveni, lilipoingia Kampala Januari 1986 lilikadiriwa kuwa na askari wapatao 14,000, na kati yao karibu 3,000 walikuwa Wanyarwanda. Bila Oktoba 1982, idadi hiyo ingekuwa ndogo zaidi.

Mwaka 1985 vita vilihamia magharibi. NRA iliuteka mji wa Fort Portal mwezi Julai, na tarehe 27 ya mwezi huohuo majenerali wakamwondoa Obote na kumweka Tito Okello. Kwa karibu miezi sita nchi ikawa na tawala mbili, mstari wa kuzitenga ukiwa mto Katonga katika barabara ya Kampala kwenda Masaka. Rais wa Kenya, Daniel arap Moi, aliongoza mazungumzo ya Nairobi hadi mkataba ukatiwa saini tarehe 17 Desemba, nao haukudumu. Upande wa magharibi wa mto kulikuwa na utawala wa muda wa NRA, na ndani ya eneo hilo kambi mbili za serikali zilibaki zimezingirwa. Masaka ilijisalimisha Desemba, lakini Mbarara iliendelea kushikilia hadi vita vilipokuwa ukingoni, na hivyo vijiji vya Ankole vilitawaliwa na waasi huku kambi ya Simba ikiwa bado mikononi mwa jeshi la Kampala.

Namna NRA ilivyotawala katika miezi hiyo ilitofautiana na yote yaliyotangulia, na haki itendeke kwa kulisema hilo. Kila kikosi kilikuwa na komisaa wa siasa, yaani ofisa wa kuwafunza askari na raia sababu za vita, na kanuni za nidhamu ziliweka adhabu ya kifo kwa askari aliyemuua raia. Lugha ya amri ilikuwa Kiswahili, na maneno kama afande na mchakamchaka, yaani mafunzo ya pamoja ya siasa na silaha, yakaingia katika mazungumzo ya kila siku. Jambo kubwa zaidi lilikuwa Mabaraza ya Upinzani, yaliyojulikana kwa kifupi RC. Huko Luwero mabaraza hayo yalizaliwa kama kamati za siri za kukusanya chakula na habari; katika magharibi yalifanya kazi hadharani, wakazi wazima wa kijiji wakichagua kamati ya watu tisa, na kijiji kikiunganishwa kwa ngazi na parokia, tarafa, kaunti na wilaya. Yalisuluhisha kesi ndogo, yaligawa bidhaa adimu na yaliwahoji wageni. Lililoyahitaji kwanza lilikuwa jeshi, kwa sababu jeshi dogo lisingeweza kulisha askari wake na kulinda eneo pana bila mtandao huo; lakini mwanakijiji aliyemzoea chifu wa kuteuliwa alipata, kwa mara ya kwanza, kiongozi ambaye yeye mwenyewe angeweza kumwondoa.

Baada ya Museveni kuapishwa kuwa rais tarehe 29 Januari 1986, mabaraza yalienea nchi nzima na mwaka uliofuata yakapewa nguvu ya sheria. Suala la nani ni mwenyeji lilibaki palepale. Ahadi ya Museveni ya kuwapa uraia waliokaa nchini miaka kumi haikutimizwa, na Agosti 1990, katika mgogoro wa ardhi ya ranchi za Mawogola, iliamuliwa kwamba wasio raia hawatapewa ardhi. Tarehe 1 Oktoba 1990 maelfu ya askari wa Kinyarwanda waliliacha jeshi la Uganda na kuvuka mpaka Kagitumba kwenda kupigana Rwanda, mkabala wa Mirama Hills, mahali palepale walipokuwa wamenaswa wazazi na ndugu zao miaka minane nyuma. Rwigyema aliyewaongoza aliuawa siku ya pili ya vita.

Vita hivyo vilipokwisha mwaka 1994, wengi wa wakimbizi wa zamani walirudi Rwanda, na nafasi yao ikachukuliwa na Wahutu wa Rwanda, kisha Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, kiasi kwamba Nakivale sasa ina watu zaidi ya 100,000 na Kiswahili cha Kongo kinasikika zaidi sokoni kuliko Kinyankole. Sheria ya 1960 iliondolewa na Sheria ya Wakimbizi ya 2006, inayotambua haki ya mkimbizi kutembea na kufanya kazi. Komandanti hakuondolewa, yuko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Chini yake wakimbizi huchagua mabaraza yao ya ustawi katika ngazi tatu, yaliyoigwa kutoka mabaraza ya vijiji ya Uganda, ambayo nayo yalitokana na yale ya vitani. Hivyo vyombo viwili vya zama tofauti, kimoja cha amri ya kikoloni na kingine cha uasi, vinafanya kazi pamoja katika makazi hayohayo, lakini havina uzito sawa. Baraza husuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba na hupeleka malalamiko ya mgao wa chakula. Nani apewe hadhi ya ukimbizi na nani anyimwe huamuliwa na kamati ya serikali. Tarehe 14 Julai 2010 watu wenye silaha waliwakusanya Wanyarwanda wapatao 1,700 katika Nakivale na makazi mengine ya wakimbizi ya Kyaka, wakawapakia kwenye malori na kuwapeleka Rwanda usiku, hatua ambayo UNHCR iliipinga hadharani, na katika uamuzi huo hakuna baraza lililoulizwa.