Maua ya Uzio: Ngara, Pwani na Uingereza

Kiangazi kikikolea katika vilima vya Ngara, nyasi hukauka, vumbi la barabara hutanda juu ya migomba, na mti mmoja wa uzio hupukutisha majani yake kisha ukachanua maua mekundu kwenye matawi matupu. Warundi huuita umurinzi; kwa wataalamu wa mimea ni Erythrina abyssinica. Hauhitaji mbegu ya dukani. Mtu hukata tawi nene, hulichomeka ardhini mvua zinapokaribia, nalo hushika mizizi. Anayetaka kujua maua gani ya kudumu yafaa kuzunguka nyumba katika wilaya za Ngara na Biharamulo aanze na mti huo, ndipo atazame picha za bustani za ng'ambo.

Picha nyingi kati ya hizo chimbuko lake ni Uingereza, na jina kubwa ni Gertrude Jekyll (1843–1932). Alisomea uchoraji, macho yakadhoofika, akauhamishia ujuzi wake wa rangi kwenye udongo. Nyumbani kwake Munstead Wood, Surrey, alitengeneza tuta la maua lenye urefu wa takriban mita 60: rangi tulivu kwenye ncha zote mbili, buluu na kijivu, kisha njano, machungwa, na katikati nyekundu iliyoiva. Kila mmea ulichaguliwa kwa kimo chake, rangi yake na wakati wake wa kuchanua, ili mmoja ukimaliza, mwingine upokee zamu. Naistahi sana kazi hiyo. Hata hivyo Jekyll mwenyewe alijifunza mengi kwa wanavijiji wa Surrey, watu wa vijumba vidogo waliochanganya mboga, mitishamba na mawaridi katika kipande kimoja cha ardhi kwa kuwa walihitaji kula na kujitibu. Wasanii walikuja baadaye. Anayeiga tuta la Munstead Wood na kuwasahau wanavijiji hao ameiga nusu.

Pwani yetu ina kipimo kingine kabisa. Zanzibar au Lamu, mwamuzi wa kwanza wa ua ni pua. Asumini, kilua, mlangilangi na mrehani hupandwa karibu na nyumba ili vichumwe, vitungwe vikuba, vipambe nywele na kitanda cha maharusi. Ua la pwani hupandwa likijua litakwenda mwilini mwa mtu. Hakuna anayehangaika kama rangi yake inapatana na ya jirani yake.

Ngara kipimo ni uzio. Kwa Mwingereza, uzio au ukuta ni mgongo wa bustani, na maua husimama mbele yake. Huku uzio wenyewe ndio bustani. Katika nchi hizi za mpakani, Bugufi na Bushubi, na ng'ambo Burundi na Rwanda, boma la zamani lilizungushiwa mimea hai: minyaa, umurinzi, mitini ya porini, mimea ya jamii ya masale. Uwanja wa mbele ulifagiliwa ukabaki udongo mtupu, ili nyoka aonekane na nafaka ianikwe. Kila mmea pembeni ulikuwa na sababu ya kuwepo. Chini ya umurinzi zilifanyika ibada za kubandwa, yaani kupandwa na roho, za Kiranga kwa Warundi na za Ryangombe kwa Wanyarwanda, kwa hiyo haukukatwa ovyo. Umuravumba, Tetradenia riparia, una majani yanayonukia na ni dawa ya kikohozi. Nao pia huchanua kiangazi, maua madogo ya zambarau iliyofifia. Masale huonyesha mpaka wa shamba, na Wachagga, mbali kule Kilimanjaro, huyatumia hata kuombea msamaha.

Tazama umurinzi na umuravumba, mimea miwili inayochanua kiangazi. Mwingereza hupanga maua yake kukwepa baridi, kwa kuwa mengi hufa juu ya ardhi na kubaki mizizi hadi majira ya kuchipua. Penye baridi yake sisi tuna ukavu, kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa hivi. Peoni, ua linalopendwa sana Uingereza, huhitaji baridi kali ndipo litoe maua. Kulileta Ngara, kusini kidogo tu mwa ikweta, ni kulitesa bure. Tunayo ya kwetu yenye tabia ileile ya kulala na kuamka. Gloriosa superba hujificha ardhini kama kiazi, kisha hupanda na mvua na kufungua maua ya njano na nyekundu (kiazi chake kina sumu kali, watoto waonywe). Gladiolus dalenii huota kwenye nyanda za nyasi za Afrika, na ni mmoja wa wazazi wakuu wa gladioli zinazouzwa Ulaya. Wenzetu wamejaza matuta yao kwa mimea ya bara hili, nasi tunaikanyaga njiani tukienda kununua miche ya kigeni.

Biharamulo ni kukavu zaidi, kwenye miombo na mifugo mingi. Hapo bogenvilia hustahimili, na miiba yake huzuia mbuzi. Alizeti mwitu ya njano, Tithonia diversifolia, hufaa kwa mbolea ya majani, mradi ifyekwe kabla haijakomaza mbegu. Lantana usipande kabisa: ina sumu kwa ng'ombe, ndege hueneza mbegu zake, na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, iko jirani. Minyaa nayo ikae mbali na mahali watoto wanapochezea, maana utomvu wake huumiza macho.

Kama unajenga Ngara au Biharamulo, usingoje paa likamilike. Omba matawi ya umurinzi kwa jirani, tenga kona ya umuravumba, na asumini iwe chini ya dirisha la chumba cha kulala. Matawi yachomeke ardhini mvua za vuli zinapokaribia, na umwagilie kiangazi cha kwanza.