Pweza Walipopanda Bei

Kabla ya miaka ya 1990, bamvua ilipovuta maji na miamba ya Msimbati na Msangamkuu, huko Mtwara kusini mwa Tanzania, ikabaki wazi, waliokuwa wakiteremka huko walikuwa zaidi wanawake na watoto. Wanaume walikuwa na mitumbwi na ngalawa, nyavu, mishipi na madema. Maji marefu yalikuwa yao. Wanawake walitanda uduvi na dagaa ufukweni, wakaokota kome, wakachokoa pweza.

Kuchokoa pweza ni ufundi hasa. Pweza hujificha tunduni na kugeuza rangi akafanana na mwamba, ila mabaki ya mlo wake humfichua: magamba ya kaa na chaza yaliyotupwa mlangoni. Mama aliyeizoea kazi huyaona hayo kwanza. Huingiza kijiti, pweza akakikumbatia, kisha kwa kijiti cha pili mama akamchoma na kumtoa. Hapo tena hupigwa juu ya jiwe mpaka alainike.

Ujuzi huo haukuhesabiwa sana. Takwimu za uvuvi kwa muda mrefu zilijengwa juu ya vyombo na nyavu, na anayevua kwa miguu hana chombo. Pweza alikuwa kitoweo cha nyumbani, ziada ikauzwa papo hapo kijijini, na kazi yenyewe ikaitwa ya kina mama.

Katika miaka ya 1990 biashara ilifunguliwa, na viwanda vya kugandisha samaki vikaanza kutafuta pweza wa kupeleka Ulaya. Wanunuzi wakafika vijijini. Bei ilipopanda, wanaume nao wakaingia, tena kwa zana ambazo wanawake wengi hawakuwa nazo: miwani ya kuzamia, mikuki, na mitumbwi ya kuwafikisha kwenye miamba isiyokauka hata bamvua. Martin Guard na Yunus Mgaya walichapisha mwaka 2002 utafiti wao wa uvuvi huu Tanga, Mafia na Mtwara, wakati pweza tayari alikuwa bidhaa ya kusafirishwa nje.

Mabadiliko hayo yaligusa hata uzazi wa pweza. Jike hutaga mara moja tu maishani. Huyalinda mayai bila kula, na yakishaanguliwa hufa. Wengi hutagia kwenye kina ambacho mtu wa miguu hakifikii. Mzamiaji hukifikia.

Mwani ulikwenda kinyume. Kilimo chake cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, kisha kikaenea hadi pwani ya bara. Wanaume wengi waliojaribu mwanzoni waliacha kwa sababu malipo yalikuwa madogo, na kazi ikabaki kwa wanawake, wakishinda majini wameinama. Kwa hiyo anayesema mila ndiyo iliyogawa kazi za pwani anapaswa kutazama pia bei.

Mwaka 2000, kwenye pwani hiyohiyo ya Mtwara, serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye takriban kilomita za mraba 650. Kwingineko katika Bahari ya Hindi, kama Andavadoaka huko Madagaska tangu 2004, vijiji hufunga miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Ni njia nzuri. Lakini mwamba ukifungwa, mwenye mtumbwi huhamia mwingine, na mwanamke anayetegemea miguu yake hukosa kitoweo na fedha kwa miezi hiyo yote. Kikao cha kijiji kinachopanga tarehe za kufunga kinapaswa kumsikiliza yeye kwanza.