Kutoka mashamba ya mkonge hadi Mlimani: wanafunzi walivyosimama na wafanyakazi

Zamani, kabla reli ya TAZARA haijapita Makambako, vijana wa Njombe, Wabena na Wakinga, waliondoka makwao kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba. Kodi ya mkoloni ilidaiwa kwa fedha, na fedha vijijini haikuwapo. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha SILABU, chombo cha kuwakusanyia vibarua kutoka mikoa ya mbali.

Kibarua alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi ambazo alitakiwa kuzimaliza ndani ya siku 42. Akishindwa kumaliza kazi aliyopangiwa, nyapara hakumwekea alama, na jasho la siku hiyo likapotea bure. Mshahara alilipwa kipande kikishajaa.

Wa kwanza kupinga unyonyaji walikuwa wafanyakazi wenyewe. Makuli wa bandari ya Tanga waligoma mwaka 1939, wenzao wa Dar es Salaam wakagoma mwaka 1947. Wasomi walifuata baadaye.

Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha la ujamaa na utaifishaji, wanafunzi wa chuo kikuu cha Mlimani, Dar es Salaam, waliunda USARF, umoja wa wanamapinduzi ulioongozwa na Yoweri Museveni, ambaye baadaye alikuja kuwa Rais wa Uganda. Mwaka 1969 wakaanza kuchapisha jarida la Cheche. Humo, mwaka 1970, Issa Shivji, mmoja wao, aliandika uchambuzi mrefu kuhusu mapambano ya kitabaka nchini. Hoja yake ilikuwa nzito: kutaifisha mali peke yake hakumfanyi mfanyakazi kuwa na sauti. Mwaka huohuo Serikali ikapiga marufuku USARF na Cheche.

Hoja haikufa. Mwongozo wa mwaka 1971 wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulikemea viongozi wenye kiburi na dharau, na wafanyakazi wa viwandani wakautumia kuwakabili mameneja wao. Shivji naye aliendelea kuandika historia na sheria za kazi, ikiwamo historia ya manamba.

Leo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kazi ya kulazimishwa, inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi. Lakini binti anayetoka Makete kwenda kufanya kazi za ndani mjini atajuaje haya asipoelezwa? Wanafunzi wa Tandala, Njombe na Makambako, isomeni sheria hiyo, kisha mkawasomee wazazi na wadogo zenu kabla hawajapanda basi.